Chifu Hanywi Maji ya Chumvi

Keringet
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Jepleting, binti ya dada yangu,

Chamgei. Mimi niko sawa, na kama nisingekuwa sawa ungekuwa umesikia kwa redio.

Najua unashangaa barua. Usishangae. Simu yangu iliingia kwa dipu ya kondoo Alhamisi, nikiwa nimeinama kumwonyesha jirani yetu Kipyegon vile kondoo hushikwa na mwanaume. Ilikunywa dawa ya kupe ikafa papo hapo, na ilistahili, maana hiyo simu yenyewe ilikuwa kupe. Sinunui ingine. Hata hivyo mlikuwa mmeshanitoa kwa group ya familia, ati natukana watu. Situkani mtu. Nasema vile mtu alivyo, na mtu akisikia vile alivyo anaita hiyo matusi. Kwa hivyo barua zangu atakuletea Ephantus, yule dereva wa lori la viazi anayepita huko kwenu Bahati kila wiki. Anaendesha polepole kama amebeba mayai na bado viazi vinafika vimepondeka.

Uliuliza Krismasi mbwa wanaendeleaje. Nitakwambia, ingawa wewe ni mtu wa cherehani na mambo ya mbwa yanataka akili.

Chifu ndiye mbwa. Hao wengine ni wasaidizi. Mweusi wote, kifuani mweupe kama amevaa kola ya padri, na macho yake akimtazama kondoo, kondoo anaomba msamaha. Unakumbuka ile lugha ya mbwa ambayo marehemu babu yako alitoka nayo kwa shamba la mzungu kule Molo: kambai, mbwa azunguke kushoto; awei, azunguke kulia; ladau, alale chini kama amepigwa na umeme. Mzungu alienda, babu akaenda, maneno yamebaki, na Kuresoi yote tunaoyajua vizuri ni mimi na Chifu. Juzi kwaya ya kanisa ilipita hapa ikienda mazoezi. Nikasema kambai, kwa mzaha tu. Chifu akawazunguka wote akawaleta mpaka kwa zizi, sauti ya kwanza upande huu, besi upande ule. Mwalimu wa kwaya amekuwa akijaribu kuwapanga hivyo tangu mwaka jana.

Madamu amezeeka. Ni kama hedimistresi aliyebakisha muhula mmoja astaafu: hakimbii, anatembea katikati ya kondoo akiangalia nani hajachomekea shati. Huyo namheshimu kiasi.

Sasa Debe, huyo wako. Mbwa aliyezaliwa ndani ya debe la mafuta ya kupikia na akili ikabaki humo. Nikimwambia kambai, anaangalia mawingu. Nikimwambia awei, anakuja kunilamba goti. Nikimwambia ladau anasimama tu ananitazama kama mtu anayedai nauli. Jioni kazi yake ni kulala na wanakondoo wadogo, akiwalamba kama yaya. Mbwa mzima! Anakula ugali wangu bure. Siku moja nitampa mtu anayehitaji mkeka.

Habari nyingine si kubwa. Kipyegon amepoteza kondoo wawili, shingo zimechanwa. Anazunguka ridge yote, kilima chetu kizima, akilia ati ni mbwa wa mtu. Ni chui. Nimeona nyayo zake kwa matope, mguu mmoja unajaa karai. Nilimwambia Kipyegon, akacheka. Mtu ambaye amejenga zizi kwa neti ya kuku anacheka Kipngeno!

Ni mimi,
Kipngeno arap Langat,
Mkuu wa Kondoo, Keringet na viunga vyake

*

Bahati
22 Machi 2025

Mjomba,

Barua yako nimepata. Ilikuwa imekaliwa na gunia la viazi lakini bado ilikuwa inajigamba.

Mama anakusalimia. Nilimsomea sehemu ya kwaya, akasema hiyo kwaya ilikimbia kwa sababu ilikuona wewe umevaa ile kofia. Kuhusu nyayo za kujaa karai, hiyo ni tembo, Mjomba. Tembo hali kondoo. Mwaka juzi ulituambia ulikutana na fisi akakusalimia kwa jina. Mwaka jana ni nyoka aliyerudi nyuma alipokuona. Wanyama wote wa msitu wa Mau wanakujua, ni Keringet tu ambako watu hawakujui kwa hayo.

Naandika kwa sababu ya Debe. Najua unamdharau na hiyo ni sawa, unadharau kila kitu kisichokupigia makofi. Lakini huyo ni mbwa wangu. Babu alinipa akiwa mdogo wa kutoshea kwa kiatu, na kama mwenye nyumba hapa Bahati angekubali mbwa, nisingekuachia hata siku moja. Umlainishie ugali na maziwa. Unajua hana meno ya mbele tangu yule ndama amkanyage mdomo. Hawezi kutafuna kitu kigumu. Na usimpe mtu.

Nimesikitika kwa kondoo wa Kipyegon. Chunga. Hao watu wa ridge wakikasirika wanaleta chumvi.

Nimekazwa na sare za shule mpaka muhula ufunguliwe, la sivyo ningekuja nikuone, nikuchekee uso kwa uso.

Jepleting

*

Keringet
Jumapili, 30 Machi 2025

Jepleting,

Mdomo umerithi kwa mama yako. Akili sijui utarithi kwa nani, mimi bado niko hai.

Chumvi imeletwa. Kipyegon amepoteza wengine watatu, na mmoja wa Cheruto, yule mama wa juu karibu na kanisa. Basi Alhamisi asubuhi wote wenye mbwa tukaitwa kwa Kipyegon. Ile desturi unaijua, babu yako ndiye aliileta huku, ingawa leo kila mjinga anajifanya alizaliwa nayo: mbwa kabla hajala anashikwa kichwa, anamiminiwa chupa ya maji ya chumvi kooni, halafu watu wanangoja. Mbwa anaweza kudanganya kwa macho na kwa mkia. Tumbo haliwezi. Akitapika manyoya ya kondoo, harudi nyumbani.

Ungeona aibu ya hiyo ridge. Nilisimama pale mikono nyuma kama mkaguzi. Mbwa wa fundi wa baiskeli alitapika soksi ya shule. Mbwa wa Cheruto alitapika chapati nusu, na Cheruto akamgeukia bwana yake, "Si ulisema chapati ilichukuliwa na wageni?" Mbwa mkubwa wa mwalimu mstaafu, yule anayemwita wa kizungu, hakutapika kitu. Alizimia. Madamu wangu alitapika maji safi, akajifuta mdomo kwa nyasi, akaenda kukaa kando akiwadharau. Nilijisikia vizuri sana.

Halafu Debe. Sikutaka hata kumpeleka, ni kujiaibisha kwenda kwa watu na mnyama kama huyo. Akapewa chupa. Akatapika ugali, akatapika maziwa, na ndani ya hayo maziwa kulikuwa na manyoya. Si mengi. Lakini manyoya ni manyoya. Kipyegon akachukua kijiti akayainua, akayaonyesha huku na huku kama mtu wa mnada.

Mimi ninafanya nini hapo? Desturi ni ya baba yangu. Wamenipa mpaka Jumamosi ya tarehe 12, nimmalize mwenyewe au waje wammalize wao. Pole, lakini nilikwambia huyo mbwa hana maana. Sasa kumbe alikuwa na maana mbaya.

Kabla hujauliza: Chifu hakuwepo. Alikuwa Sachangwan. Kuna mtu mkubwa huko, jina siwezi kuandika, aliniomba nimwazime Chifu awafunze mbwa wake adabu. Kipyegon akaniuliza mbele ya watu, "Na yule mwingine?" Nikamwambia Chifu hanywi maji ya chumvi. Ni kama kumwambia jaji avue viatu tuangalie soksi. Watu walicheka. Kipyegon hakucheka, lakini Kipyegon hata harusi yake hakucheka.

Kipngeno,
Mfunzi wa Mbwa mpaka Sachangwan

*

Bahati
3 Aprili 2025

Mjomba,

Leo sina mzaha.

Debe hana meno ya mbele. Hana. Ulikuwa umesimama hapo siku ile ndama alimkanyaga, mimi nikiwa na sketi ya shule imejaa damu, na wewe ukasema, "Sasa atakuwa mbwa wa supu." Mbwa wa supu anachana shingo ya kondoo aje? Anamnyonya mpaka afe? Na manyoya, wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kila jioni analamba wanakondoo. Anayelamba anameza. Ulisimama mbele ya watu wote hao na hukufungua mdomo. Mdomo wako, Mjomba! Huo ambao haujawahi kufungwa hata kwa mazishi!

Na kuhusu Sachangwan. Ephantus hupita pale kila wiki, husimama kunywa chai, anajua mpaka paka wa hapo. Hakuna mtu mkubwa, na hakuna Chifu. Nilimuuliza alikomwona Chifu mara ya mwisho. Hakutaka kusema, nikamwambia sare ya mtoto wake itashonwa mikono miwili upande mmoja. Akasema Alhamisi hiyo asubuhi, akija kupakia kwako, alimwona amefungwa kwa ile stoo ya kukatia majani, mdomo umefungwa na kamba ya gunia.

Mtu hafungi mdomo wa mbwa asiyekuwa na kitu mdomoni.

Sikuiti mwongo, hilo jina ulishalizoea. Nakuita mwoga. Unajua ni nani, na unataka kumlipisha mbwa mjinga kwa sababu hawezi kukutengenezea hadithi ya kuwasimulia watu. Mtu anayemuua yaya ili amfiche mwizi, huyo anaitwa nani huko Keringet?

Jumamosi ya tarehe 12 niko hapo asubuhi, sare zishonwe zisishonwe. Ukimgusa Debe kabla sijafika, usiniite tena binti ya dada yako.

Jepleting

*

Keringet
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwa fundi wa nguo,

Nimepata barua yako nikaisoma nikiwa nimesimama. Hakuna mtoto ameniita mwoga tangu nizaliwe. Mimi ndiye nilivuka mto ukiwa umefurika na kondoo dume kila bega. Mimi ndiye niliangalia yule fahali wa polisi mpaka akalala. Mwoga ni Ephantus, ambaye ameuza siri ya mwanaume kwa ajili ya kaptula ya mtoto.

Chifu nilimfunga kwa stoo kwa sababu ana mafua. Mdomo nilifunga ili asimeze hewa baridi.

Wewe hujui Chifu. Ulikuja ukamkuta mkubwa. Mama yake alikufa ule mwezi wa saba baridi iliua hata ndizi, na yeye macho hayajafunguka. Nilimlea na chupa ya mtoto, ile yenye dubu. Nilimbeba ndani ya koti mpaka koti likanuka maziwa, nikaenda nalo hivyo hivyo kwa mkutano wa ushirika na hakuna aliyethubutu kushika pua. Mke wangu wakati huo alisema nichague. Akaenda kwao Litein. Nikamwambia vizuri tu, mama, mbwa nikimwita anarudi. Na ni kweli. Nikiwa kwa mlima ule, yeye akiwa kwa mlima huu, nikisema ladau kwa sauti ya kawaida, naona nyasi zimefungika juu yake. Hakuna mtu, hakuna mke, hakuna mpwa amewahi kunisikia hivyo. Mwezi wa saba nampeleka kwa maonyesho ya kilimo Nakuru. Nimeshashona kamba mpya ya shingo. Wale wa Nakuru watajua kwamba Keringet kuna mtu.

Unataka niende kwa Kipyegon niseme nini? Kipyegon! Mtu anayeita mbwa kwa kupiga sufuria!

Jana asubuhi Chifu alirudi amelowa umande, akilamba mdomo. Kamba alikuwa ameikata. Ni sungura. Huku kuna sungura wengi. Nilimwangalia, akaniangalia, akaweka kichwa chake kwa goti langu kama kawaida. Nimesema ni sungura.

Usije. Barabara ni matope na mimi sina kitu cha kupikia mtu wa mjini. Debe bado yuko, kama ndilo unauliza. Anakula. Kazi yake ndiyo hiyo.

Kipngeno

*

Keringet
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Jepleting,

Ephantus anaondoka saa hii, kwa hivyo naandika haraka. Usisumbuke kuja kesho. Mambo yameisha.

Chifu hayuko. Chui alikuja leo mchana kweupe, saa tatu asubuhi, dharau tupu. Alikuwa mrefu kutoka mlango wa zizi mpaka tanki la maji, na mkia ulikuwa bado unakuja. Akavamia kondoo. Chifu hakungoja niseme kitu. Alimrukia shingoni, wakabiringika mpaka kwa miti ya mikaratusi, ridge yote ikatetemeka, ng'ombe wakakataa kukamuliwa. Chui alitoroka akichechemea kuelekea msituni, na sidhani atafika. Chifu alikuja mpaka miguuni pangu ndipo akalala. Mbwa kama huyo hajawahi kuzaliwa na hatazaliwa.

Kipyegon ameondoa maneno yake juu ya Debe, kwa sababu nimemfafanulia mambo ya chui na hata yeye ameelewa, ingawa kichwa chake kinaingia kitu kimoja kwa wiki.

Nimemzika juu, pale babu alikuwa anakaa akiwaita mbwa.

Nimechoka kidogo. Kupigana na chui si mchezo.

Kipngeno

*

Bahati
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mjomba,

Ephantus alinipa barua yako, halafu akakaa. Sikumkaribisha, alikaa tu, akaomba maji. Akaniuliza, "Amekwambia ni nini?" Nikamwambia chui. Akasema, "Basi ni chui," na akainuka. Nikamshika mkono.

Ijumaa alikuwa anapakia viazi kwa Kipyegon. Aliniambia vile ulitokea kwa ukungu, peke yako, na ile kofia ya aibu, na Chifu kwa ile kamba mpya ya maonyesho. Kwamba hakuna mtu alikuwa amekuita. Kwamba ulimwambia Kipyegon, "Lete chupa, na ulete chumvi nyingi, usininyime kama kawaida yako." Ulimshika kichwa wewe mwenyewe na ukammiminia wewe mwenyewe. Alitapika manyoya, na ndani ya manyoya kulikuwa na ile hereni ya plastiki ya njano ya kondoo wa Kipyegon, na namba bado inasomeka.

Akaniambia watu walitaka kuchukua kamba, kuna mmoja alikuwa ameshaokota rungu. Ukasema mbwa wako hafi kwa mkono wa mtu asiyejua kumwita. Ukatuma mtu amwite daktari wa mifugo kutoka Keringet mjini, ukangoja na Chifu hapo kwa nyasi, umemfunika na koti. Daktari alipofika na sindano yake ulimwambia Ephantus aende aangalie magurudumu ya lori. Anasema aliangalia magurudumu yote, akaangalia tena. Aliporudi, Kipyegon alikuwa amekuletea jembe na ukalikataa, ukasema halina makali, ukaenda kuchukua lako.

Mjomba, tangu nizaliwe nakudharau kwa raha zangu. Ni kitu nilikuwa nafanya vizuri, na mama alinifunza. Nilianza kuandika barua hii Jumamosi nikiwa na maneno makali yamepangwa kama pini, jinsi unavyoweza kusema uongo hata juu ya hilo. Nimeyachana. Nimeandika upya.

Nilikuita mwoga. Hilo nalirudisha. Mengine yote yabaki vile yalikuwa, usivimbe kichwa.

Hapa Bahati watu wakiniuliza habari za Chifu wa mjomba wangu, nitawaambia ni chui. Mama pia atasema hivyo, na Ephantus ameapa kwa hizo kaptula. Lakini nataka kuieleza vizuri, isije ikanishinda katikati. Alikuwa mkubwa kiasi gani?

Wako,
Jepleting

*

Keringet
Jumatatu, 21 Aprili 2025

Kwa mpwa wangu Jepleting,

Pasaka imeisha. Kipyegon aliniletea mguu wa kondoo. Ulikuwa mgumu kama mwenyewe. Niliula wote ili asiseme nimekataa.

Kondoo sasa wanaendeshwa na Madamu, polepole, kama watu wanaoenda kupiga kura. Tunafika malishoni jua likiwa limeshatoka na kuchoka. Debe anafuata nyuma. Hafanyi kitu, anatembea tu, na wale wanakondoo wanamfuata wenyewe, mahali anaenda wanaenda. Hiyo si kuchunga. Ni kuwa na marafiki. Kama babu yako angeona angelia. Lakini hakuna aliyepotea.

Sikio lake la kushoto limepasuka. Daktari ameshona, vibaya, wewe ungeshona vizuri zaidi. Ile asubuhi ya Ijumaa nilimkuta amesimama juu ya mwanakondoo, kwa kona ya zizi langu, zizi langu mwenyewe, miguu imetanuliwa, damu inamtiririka usoni. Hakubweka. Hana meno, angeng'ata na nini? Alikuwa amesimama tu akitazama, vile ananitazama mimi nikimwambia ladau. Nimemtukana miaka yote kwa kusimama hivyo. Bado ni mjinga. Mbwa mwenye akili angetoroka. Analala ndani sasa, kwa koti, kwa sababu ya dawa ya kidonda. Isomwe hivyo, ni kwa sababu ya dawa.

Ukija baada ya sare, njoo na kopo la maziwa ya unga. Ya huku hayampendezi, anajifanya mtu wa Bahati.

Umeniuliza chui.

Hakuwa mkubwa. Alikuwa wa kiasi tu, mweusi, kifuani mweupe. Nilipomwambia ladau, alilala.

Mjomba wako,
Kipngeno